Fizio wa kulegeza fasia hapa Nakuru: vikao vitano, bega la msusi, na mguu wa mama

Mimi ni msusi, nimesuka hapa Nakuru miaka kumi na moja, sita ya mwisho nikiwa na saluni yangu mwenyewe huku Shabab, na mtu yeyote amewahi kusuka notilesi ndogo anajua hiyo kazi venye inakula mwili. Kichwa kimoja ni masaa sita, saba, kastoma akiwa na nywele nyingi ni nane, na hayo masaa yote mikono iko juu, shingo imeinama upande mmoja, kidole gumba na cha shahada vinabana bila kuachilia. Disemba iliyopita nilisuka siku kumi na tisa mfululizo bila kupumzika hata Jumapili juu watu wote wanataka kwenda ushago wakiwa wamependeza, na kufika siku ya Boxing Day mkono wangu wa kulia ulikataa kwenda nyuma. Sikuweza kufunga sidiria. Nilimwita binti yangu wa miaka kumi anifunge, nikakaa kwa kitanda nikalia kidogo, kwa sababu huo mkono ndio unalipa rent na ndio unalipa skul fii.

Maumivu yenyewe yalikuwa hapa juu ya bega, kati ya shingo na bega, alafu kulikuwa na kuumwa na kichwa. Kichwa cha upande wa kulia tu, kinaanza nyuma ya sikio kinapanda hadi nyuma ya jicho. Nilienda nikapima presha, iko sawa. Nikapima macho, nikauziwa miwani, bado kichwa kiko pale pale. Nikawa mtu wa Panadol mbili asubuhi na mbili jioni mpaka tumbo likaanza kuchoma.

Kabla sijafika kwa huyu fizio ninayetaka kuwaambia, dada mmoja anayelegeza fasia, yaani ule utando unaofunika misuli, nilipitia mahali pengine pa masaji, sitataja jina. Nilimwambia jamaa bega linauma, hakuniuliza kitu kingine chochote, akanipaka mafuta akapanda na kiwiko. Nilipolalamika akaniambia vumilia dada, ikiuma ndio ujue inafanya kazi. Nikavumilia. Tulivyolelewa sisi tunajua dawa ni chungu, hata mama zetu wakikandwa na maji moto baada ya kuzaa walikuwa wanauma meno na kunyamaza, kwa hivyo nikadhani nikipiga kelele nitakuwa nimejiharibia. Nilitoka hapo na alama za kijani na zambarau kwa bega zilizokaa siku tisa, kichwa kikawa kibaya zaidi ya mwanzo, na nilikuwa nimelipa 1,500.

Nasema hii si kwa sababu nataka kusuta watu wa masaji, kuna wazuri sana, lakini kwa sababu hilo ndilo jambo kubwa nimejifunza na ndilo limenifanya niandike: tumeambiwa nguvu ndiyo dawa, na kwa mwili kama wangu haikuwa nguvu kabisa. Ilikuwa kungoja.

Huyu fizio nilimjua kupitia kastoma, mwalimu mmoja ambaye hukimbia mbio za asubuhi kule Milimani. Alikuwa ameketi kwa kiti changu, akaona kila dakika kumi naachilia nywele nashika bega, akaniuliza Mama Tasha uko sawa kweli, nikamwambia ukweli, akanipa namba. Jina lake siweki hapa kwa sababu mwenyewe aliniomba hivyo, anafanya kazi peke yake na msaidizi mmoja na tayari watu wanangoja wiki mbili kupata nafasi. Iko upande wa Section 58, nyumba ya kawaida imegeuzwa kliniki, chumba chenyewe kiko ghorofa ya kwanza. Ngazi zake ni za mwinuko, mtu wa magoti atasumbuka, na hilo nilimwambia.

Kitu cha kwanza nilichoona kwa ukuta ni leseni yake ya Baraza la wanafizio la Kenya, Physiotherapy Council kama wanavyoiita, imewekwa fremu, ya mwaka huu. Usiogope kuuliza hiyo karatasi popote unapoenda, maana mtu yeyote siku hizi ananunua kitanda na mafuta anaandika terapi kwa mlango.

Sasa siku ya kwanza karibu nusu saa hakunigusa. Maswali tu. Maumivu yanakuamsha usiku? Mikono inakufa ganzi, vidole gani? Umepungua kilo bila sababu? Una homa? Una mimba? Umewahi kuwa na damu iliyoganda kwa mguu, unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Umewahi kuugua kansa? Mkojo na choo unavizuia vizuri? Nikamuuliza daktari, mimi nimekuja na bega, mkojo umeingiaje? Akanieleza kwa upole kwamba mgongo au shingo ikiwa na shida ya neva kubwa, mtu anaweza kupoteza nguvu miguuni au kushindwa kuzuia mkojo, na huyo si mtu wa kulazwa kwa kitanda cha kukandwa, ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Niliheshimu hapo hapo. Mahali pale pengine hakuna aliyetaka kujua kama nina hata mimba.

Alafu akafanya kitu sijawahi kuona. Alichukua vipande vitatu vya bandeji akavifunga kwa mgongo wa kiti akaniambia, dada, nisukie hapo. Nikaanza kusuka kama kawaida na yeye anazunguka ananiangalia, mbele, nyuma, pembeni. Hajasema kitu. Baada ya dakika kama tano akaweka kidole chake kwa shingo yangu akaniambia kichwa chako kimelalia kulia tangu uanze na bega lako la kulia liko juu kuliko la kushoto kama vidole viwili hivi, na unashika pumzi kila ukianza fundo jipya. Kweli tupu. Miaka kumi na moja sijawahi kujua kwamba nashika pumzi.

Kitandani hakuna mafuta. Nilishangaa, nikamkumbusha kama amesahau. Akasema mafuta yanafanya mkono uteleze, na kazi hii inataka mkono ushike, usipite juu ya ngozi bali ubaki mahali pamoja na kuvuta polepole. Akaweka mkono mmoja hapa chini ya mfupa wa shingo mbele, upande wa kifua, na mwingine kwa bega, akaegemea kidogo tu, uzito kama wa mtoto mchanga amelala kifuani. Akatulia. Mimi nangoja aanze. Nikangoja. Kumbe ameanza zamani.

Dakika ya kwanza hakuna kitu, nikaanza kuhesabu pesa yangu kichwani. Ya pili nikaanza kuhisi joto. Kama dakika ya tatu hivi kitu kikaachilia. Sijui niseme vipi, lakini wasusi wenzangu mtaelewa: unajua ile brade ukimaliza kusuka inasimama ngumu, alafu unaitumbukiza kwa maji moto na unaona inalegea yenyewe inalala? Hivyo ndivyo bega lilifanya. Lilishuka. Hakusukuma zaidi, hakubonyeza, lilishuka lenyewe na mkono wake ukalifuata.

Alafu akapata ile sehemu. Juu ya bega, katikati, akabana kwa vidole viwili kama mtu anayeonja embe kama limeiva, na kichwa changu kikaanza. Kile kile. Nyuma ya sikio, kupanda, hadi nyuma ya jicho. Nikapiga kelele nikamwambia hiyo hiyo! Yaani miwani nilinunua, presha nilipima, na maumivu ya jicho yalikuwa yanatoka kwa bega. Akaniambia wanaita hiyo triga pointi, ni kifundo kidogo ndani ya msuli kilichokaza na kukataa kuachilia, na kazi yake mbaya ni kutuma maumivu mahali pengine kabisa. Msuli huu wa juu ya bega unajulikana kwa kutuma maumivu ya kichwa upande mmoja. Kuna mwingine wa matako unatuma maumivu mguu mzima mpaka mtu anadhani ni neva ya mgongo imebanwa. Hakukibonyeza kwa nguvu hicho kifundo, alikishika tu kwa kiwango ambacho ningeweza kuendelea kupumua, na kila nikishika pumzi ananiambia umeshika, achilia.

Nilimuuliza hiyo fasia ni nini haswa maana wataalamu wanaita hii kitu mayofasia rilizi na mimi nilikuwa nasikia kama jina la kanisa jipya. Akaniuliza, ukinunua nyama kwa bucha na ukiikata nyumbani, si unaona ule utando mweupe unaong'aa, unaoteleza, unaofunika steki na kutenganisha nyama na nyama? Huo. Sisi pia tunao, umefunika kila msuli, unaingia hadi ndani kati ya nyuzi za msuli, umeshika mifupa na viungo vya ndani, na umeungana kutoka utosini hadi kwa nyayo. Umetengenezwa na kolajeni, ambayo ndiyo inaupa nguvu, na kati ya tabaka na tabaka kuna majimaji yenye kitu kinaitwa haialuronani kinachofanya ziteleze. Mwili ukikaa mkao mmoja kila siku, au ukiumia, au ukifanyiwa operesheni ikaacha kovu, hizo tabaka hazitelezi vizuri kama mwanzo, na utando una mishipa mingi ya fahamu kwa hivyo unahisi maumivu. Ndio maana alianza na kifua wakati mimi nalalamikia bega la nyuma. Mikono ikikaa mbele siku nzima, misuli ya kifua inafupika inavuta mabega, na ile ya nyuma inabaki ikivutana nayo kutwa kucha mpaka inachoka. Akafanya hadi mkono huu chini ya kiwiko, pale misuli ya vidole inaanzia, na pale niliumia kuliko bega!

Mimi nilielewa kwa njia yangu. Kastoma akija na nywele zimeshikana, ametoa brade za miezi minne na uchafu umefunga kwa mizizi, msusi mjinga anachukua kitana anavuta kutoka juu kwa nguvu. Utatoa nywele, utatoa na machozi, na fundo litabaki. Msusi anayejua analowesha, anashika mizizi kwa mkono mmoja ili kichwa kisiume, anaanza kwa ncha, anangoja. Huyu dada anafanya mwili hivyo.

Sasa nataka niwe mkweli, na yeye mwenyewe alikuwa mkweli kwangu kabla hata sijauliza. Aliniambia si kila kitu kinachosemwa kuhusu hii kazi kimethibitishwa. Kuna utafiti unaoonyesha inasaidia maumivu ya mgongo wa chini na shingo kwa kiasi, lakini nyingi ya tafiti hizo ni ndogo na matokeo yanatofautiana. Na ile hadithi kwamba mkono unavuta fasia inarefuka kama unga wa chapati, alisema si kweli kwa utando mnene kama wa nyayo au wa pembeni ya paja, ule ni mgumu sana, nguvu ya mkono wa mtu haiwezi kuurefusha. Kinachofanyika, kwa sehemu kubwa, ni mfumo wa fahamu kupokea ule mguso wa taratibu na kuamua kwamba hakuna hatari tena, basi msuli unaachilia. Nilipenda sana hiyo. Mtu anayekuuzia kitu na bado anakuambia mipaka yake, huyo nitamrudia.

Baadaye nilisoma kidogo kwa simu usiku. Kulikuwa na daktari wa Marekani anaitwa Janet Travell, ndiye alikuwa daktari wa Rais Kennedy pale Ikulu yao kuanzia 1961, mwanamke wa kwanza kushika hiyo kazi, na Kennedy alikuwa na mgongo mbaya sana, ndipo huyo mama akamshauri akalie kiti cha kubembea ambacho kila picha unakiona. Yeye na mwenzake David Simons ndio walichora ramani ya hivi vifundo, kila msuli na mahali unapotuma maumivu. Na watafiti wa fasia wenyewe walikutana kwa kongamano lao la kwanza la dunia kule Boston 2007, yaani si zamani. Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walikuwa wanaukata ule utando na kuutupa ili waone misuli vizuri. Kama tunavyofanya sisi na nyama.

Kuhusu vikao vyenyewe. Cha kwanza nilitoka nikiwa mwepesi sana, nikapanda matatu ya kurudi Shabab nikiwa nimegeuza shingo kulia naangalia dirishani bila kufikiria, ndio nikashtuka kwamba nimegeuza. Lakini siku ya pili niliamka na mwili unauma kama nimelima, na alikuwa ameniambia hiyo inaweza kutokea siku moja au mbili, kwa hivyo sikuogopa. Kichwa kilipotea siku nne. Siku ya tano kikarudi, kidogo. Kikao cha pili hakikunifanyia kitu kikubwa, niseme ukweli, nilikuwa nimetoka kusuka vichwa viwili siku iliyotangulia na nilikuwa nimekasirika na mambo ya nyumbani na mwili wote ulikuwa kama mbao. Cha tatu ndicho kilibadilisha mambo, nilifunga sidiria mwenyewe kwa mgongo. Cha nne na cha tano ni kama kupalilia tu. Sasa ni miezi minne, kichwa kinanipata labda mara moja kwa wiki mbili, hasa asubuhi za baridi hizi za Julai ambapo Nakuru unajikunja ukitoka tu kitandani, na dawa za maumivu sijanunua tangu Aprili.

Bei ni 2,500 kikao, dakika kama hamsini, nililipa kwa M-Pesa. Kwa mtu wa saluni hiyo si pesa kidogo, ni kichwa kimoja cha laini kimeenda. Lakini hakuniwekea vikao kumi kama wengine wanavyofanya, alisema tufanye vitatu tuone, kama hakuna mabadiliko tusiendelee kumaliza pesa yako, tutafute sababu nyingine. Ambacho sikupenda ni muda. Mara mbili niliambiwa saa nne nikaingia saa tano kasoro, na kwa mtu ana kastoma anamngoja hiyo ni shida kweli. Alafu dirisha linaelekea barabara na kuna steji ya bodaboda hapo chini, kelele zake zinaingia hadi ndani, ukijaribu kutulia unasikia honi. Chumba ni kisafi, shiti inabadilishwa kila mtu mbele yako, na unabaki na nguo zako, vesti na kaptura tu inatosha, hakuna kuvua ovyo. Wamama wengi wanaogopa masaji kwa sababu ya hilo, kwa hivyo nalisema wazi.

Kazi ya nyumbani ndiyo imenisaidia pengine nusu ya yote. Mpira wa tenisi ndani ya soksi, unaurusha nyuma ya bega unaegemea ukuta, unatafuta pale panapouma, unatulia hapo kama dakika mbili ukipumua, hausugui haraka haraka. Wangu unaning'inia nyuma ya mlango wa saluni na wasichana wangu wawili sasa wanagombania. Kwa nyayo, maana sisi tunasimama kutwa, chupa ya maji iliyogandishwa kwa friji unaiviringisha chini ya mguu jioni. Na kiti. Alinifanya ninunue kiti cha kastoma kinachopanda na kushuka ili kichwa cha mtu kije kwa urefu wa kifua changu badala ya mimi kumfuata, na stuli ya mimi kukalia nikifika nywele za chini. Kila baada ya kama dakika arobaini naachilia mikono inaning'inia nahesabu pumzi kumi. Kuna kastoma mmoja alilalamika kwamba nachelewesha. Nilimweleza, akaelewa, hata naye akainuka akajinyoosha.

Sasa nifike kwa mama yangu, kwa sababu hiyo ndiyo sababu ya kweli ninamwamini huyu fizio.

Mama anakaa Mumias. Mwezi wa tano alivunjika kifundo cha mguu akiteremka kwa mtaro nyuma ya boma, akafungwa plasta wiki sita, akakaa sana kitandani maana hana mtu wa kumtembeza. Plasta ilipotolewa akapanda basi kuja kwangu, safari ya kukaa mguu umekunjwa masaa mengi. Alifika analalamika shavu la mguu linauma, limekaza. Mimi nikasema Mama usijali, nina mtu. Nilikuwa na furaha hata, nikajua sasa na yeye ataona. Nikambembeleza akapanda zile ngazi polepole akinishika mkono.

Huyu dada akamwambia, Mama karibu, kaa tu, nivulie viatu nione miguu yote miwili. Akapiga magoti. Akaangalia. Akachukua utepe wa kupimia akazungusha kwa shavu la mguu wa kushoto, alafu wa kulia, ule mguu uliokuwa umevunjika ulikuwa mnene zaidi kwa zaidi ya sentimita tatu. Akaweka mgongo wa mkono wake kama mama anayepima mtoto homa, ulikuwa na joto. Akauliza Mama, kifua kinauma, pumzi inakatika? Mama akasema hapana mwanangu. Akainuka, akanishika mkono akanivuta kando, akaniambia dada, mimi huu mguu siugusi, na mtu mwingine yeyote asiukande, hata wewe nyumbani usiukande. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Ukikandwa lile donge linaweza kung'oka liende kwa mapafu. Nenda PGH, hospitali kuu ya hapa Nakuru, sasa hivi, si kesho.

Mimi nilikuwa nimeshamkanda usiku uliopita, na Deep Heat. Miguu yangu iliisha nguvu.

Aliandika barua yeye mwenyewe, vipimo vya miguu yote miwili ndani, akamwita mtu wa taxi anayemjua, msaidizi wake akashuka na Mama ngazi kwa ngazi. Mama alipigwa picha ya ultrasaundi ya mguu, na kweli donge lilikuwepo. Akaanzishiwa sindano, alafu vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi, akaambiwa ni miezi mitatu isiyopungua, na aende kliniki bila kukosa. Hivi ninavyoandika yuko kwangu, mguu umepungua, anatembea hadi kwa geti na kurudi asubuhi na jioni, na anapika.

Kama una mzazi ametoka kwa plasta, ametoka operesheni, amelazwa siku nyingi au amesafiri mbali, na mguu mmoja umevimba una joto unauma, tafadhali usichukue mafuta. Mpeleke hospitali kwanza. Akikosa pumzi au kifua kikimuuma, hapo usingoje hata taxi ya kujuana, mpeleke emajensi. Najua sisi sote mkono wetu wa kwanza kwa mzazi ni wa kukanda.

Ile siku nilipotaka kulipa alikataa, akasema sijafanya kazi, nimeangalia tu. Amempigia Mama simu kila Ijumaa tangu wakati huo kuuliza mguu, na Ijumaa iliyopita Mama aliuliza kama yule binti anapenda mchele wa Ahero au kuku wa kienyeji, kwa sababu akipona anataka kumletea kimoja, na ngazi atazipanda mwenyewe.